Manjano ya Dada Yangu

Wino wa manjano ndio unaotangulia kwenye karatasi. Baada yake nyekundu, kisha buluu, na mwisho nyeusi ya kutia nguvu kwenye nywele na vivuli. Watu wakiona picha ya rangi wanadhani pale pana rangi hamsini. Wapi! Ni hizo nne tu, zimepigwa vitone vidogo vidogo vilivyokaa jirani au kupandana, na kazi ya kuvichanganya anaachiwa mwenye macho. Ukichukua kioo cha kukuza ukaisogelea picha ya embe, embe hulioni, unaona vitone vya manjano na vyekundu vinagombania nafasi.

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya Iringa, miaka ya hamsini, kwenye kiwanda kidogo cha chapa cha misheni. Nilikuwa nimepanga chumba Ipogolo mimi na mke wangu na mtoto wetu, na kila asubuhi nilipanda kilima kwenda kazini nimevaa koti, na shuka juu ya koti. Baridi ya pale mwezi wa sita haina adabu. Wino nao ulikuwa hauipendi. Unaganda ndani ya kopo kama ugali uliolala, kisu hakipiti, na ukiulazimisha hivyo hivyo unabandua ngozi ya karatasi. Basi kabla ya kushika mashine tuliyapanga makopo kuzunguka jiko la mkaa, tukaota moto pamoja nayo. Fundi mkuu, Mbena mmoja mwembamba mwenye maneno mengi, alikuwa akiingia anayasalimu makopo kwanza. "Kamwene," anayaambia, "nyie ndio mnaonilisha. Hawa wengine wanamaliza chai tu." Hawa wengine ndio sisi.

Rangi tulikuwa tunaipima kwa kidole na kwa dirisha. Unachovya ncha ya kidole kwenye wino, unaigongagonga kwenye karatasi mpaka ubaki utando mwembamba, unaupeleka dirishani, unalinganisha na karatasi ya mfano iliyotoka Ulaya. Dirisha lenyewe lilikuwa na kisa chake. Bwana aliyesimamia kiwanda, mmisionari, alipofika alituwekea meza ya rangi kwenye dirisha la kaskazini, maana kwao jua halipiti upande huo, mwanga wake umetulia. Kwetu sehemu kubwa ya mwaka jua linakaa huko huko kaskazini! Tulichapa miezi kadhaa tukiwa tumekodoa macho, kila kitu kinaonekana kina homa. Siku aliyogundua, Bwana mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani, akaibeba meza pamoja nasi kuihamishia kusini.

Nayasema haya ili msije mkadhani nilikuwa sijui kazi. Kazi niliijua. Ndiyo maana inaniuma.

Dada yangu alinitangulia kuzaliwa, na alikuwa ameolewa Igowole, kule Mufindi. Alifariki mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia, kwa ugonjwa wa ini. Ulianzia machoni. Weupe wa macho ukageuka manjano, kisha viganja, kisha uso mzima. Mama alitoka Mbeya kwenda kumuuguza, akakaa naye mpaka mwisho. Kila asubuhi alimtoa akamkalisha mlangoni penye mwanga, akamfungua viganja, akatazama kama manjano yamepungua. Hayakupungua. Mama ndiye aliyemwosha.

Tulipomaliza matanga mama akarudi kwake, kilimani juu ya Mwanjelwa, na shida yake ikaanza hapo. Hakuwa mtu wa kulialia. Aliniambia mara moja tu, tumekaa jikoni, yeye anamenya viazi na mimi nachochea moto.

"Baba, sura ya dada yako imenipotea."

"Imekupoteaje, mama?"

"Nikifumba macho namwona wa manjano. Yule wa kabla hajaugua simpati. Nimemzaa, nimemnyonyesha, nimemtoa na vigelegele kwenda kwa mume, na yote hayo nikiyakumbuka, uso uliopo ni ule wa mgonjwa. Hata siku ya harusi yake namwona anaumwa. Natamani nimwone mzima mara moja tu. Nikishamwona nitanyamaza."

Picha yake hatukuwa nayo hata moja. Nilimwambia atamkumbuka, mambo yakishatulia. Ndiyo maneno anayoyasema mtu asiye na lolote la kumpa mwenzake, na mama aliyapokea hivyo hivyo, akaendelea kumenya viazi.

Halafu likaja sanduku.

Lilikuwa sanduku la mbao kutoka Ulaya, ndani yake mabamba manne ya shaba, kila bamba la rangi yake, kwa ajili ya bango la zahanati la kuwafundisha watu kuchemsha maji ya kunywa. Bwana alitueleza kwamba daktari mmoja mgeni aliwahi kupita Mufindi na kamera ya picha za rangi, akapiga picha nyingi, na moja imechaguliwa na kupelekwa kwao kukatwa mabamba. Mimi nilikuwa nafungua yale makaratasi ya kuzuia shaba isikwaruzwe, sina habari. Chini kabisa kulikuwa na karatasi ya mfano. Nikaikunjua. Mwanamke amesimama nje ya zahanati ya Igowole, kashika birika, anamimina maji kwenye kikombe, anacheka upande mmoja wa mdomo.

Niliketi sakafuni.

"Wee, vipi?" fundi mkuu akaniita. "Umeona nyoka humo?"

"Dada yangu," nikasema. "Huyu ni dada yangu."

Alikuja akainama, akaitazama karatasi, akanitazama mimi. Akavua kofia yake.

Furaha niliyokuwa nayo siku ile sijui niieleze vipi. Nilijisemea, Mungu amemsikia mama, amemletea mtoto wake mzima, na amempitisha mikononi mwangu mimi mwenyewe. Ilinichukua muda kidogo kuona kwamba rangi haikuwa yake. Alikuwa mwekundu kama tofali la kuchoma. Wale mafundi wa Ulaya waliokata mabamba walikuwa hawamjui, na labda hata mtu wa huku kwetu hawajawahi kumwona amesimama juani. Walikisia. Dada yangu alikuwa maji ya kunde, tena maji ya kunde ya kung'aa. Haya, maji ya kunde ni manjano kiasi gani, nyekundu kiasi gani? Nenda kaliulize kopo.

Nilikwenda kwa Bwana nikiwa nimeishika ile karatasi. Nikamwambia, "Bwana, huyu namjua. Hakuwa hivi."

Alinisikiliza. Alinipa pole ya kweli, akanishika bega, akataka kujua dada aliugua nini. Lakini kuhusu rangi alitikisa kichwa. Kazi ilikuwa imekubaliwa kwa karatasi ile ya mfano, na sisi ilikuwa lazima tuifuate. "Watu wa zahanati hawatatazama uso," akasema. "Watatazama birika." Hakusema kwa ubaya. Ndiyo iliyoniudhi zaidi, maana mtu akisema kwa ubaya unapata pa kumshika.

Basi nikachapa. Manjano leo, inakauka, kesho nyekundu, zile alama za msalaba pembeni nazilenga mpaka zikae moja juu ya nyingine, kisha buluu, kisha nyeusi. Nilimchapa dada yangu wa tofali, rundo baada ya rundo, kwa mikono yangu mwenyewe, na kila karatasi ikitoka kwenye mashine namwambia moyoni, pole dada. Walimbandika kwenye zahanati za nyanda zote hizi. Ninyi mliosoma miaka ile labda mlimwona. Huyo hakuwa yeye.

Bwana alinifanyia jambo moja jema. Alisema kazi ikiisha, na kabla mabamba hayajarudishwa Ulaya, naweza kuyatumia kwa shughuli yangu, pamoja na karatasi zilizobaki. Nikaanza kumtafuta dada.

Nyekundu niliipunguza nguvu kwa kuichanganya na yale mafuta mazito yasiyo na rangi tuliyoyatumia kwa kazi hiyo. Buluu nayo nikaipunguza, maana buluu ndiyo inayompausha mtu akawa kama ametoka kuchota majivu. Manjano niliyaogopa. Yakizidi kidogo tu, naujua ugonjwa wenyewe. Karatasi za kwanza nilizifurahia, kesho yake nikazichukia, kwa sababu wino mbichi unang'aa, na ukikauka unazama na kufifia. Fundi mkuu alinicheka. "Umeanza kazi lini wewe? Mbichi unaiamini?" Tukawa tunazianika kwenye kamba na hatuziangalii mpaka zikauke. Kila mtu kiwandani alikuwa na lake la kusema. Huyu anasema ongeza, yule anasema punguza, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona dada yangu!

Aliyemwona alikuwa mke wangu. Alishawahi kukaa kwake Igowole, wakalima wote, wakacheka wote, wakagombana na kupatana kama mawifi wanavyogombana na kupatana. Nilipopata karatasi niliyoiona imekaa sawa, nikaiacha ikauke kabisa, nikamwita aje kiwandani. Nikamsimamisha kwenye dirisha la kusini. Sikumwambia kitu.

Alijiziba mdomo kwa mkono. "Wifi," akasema. "Wifi huyu jamani." Akalia, na mimi nikalia, na fundi mkuu akatoka nje kujifanya anatafuta mkaa.

Nikapanda basi kwenda Mbeya, dada nimemviringisha ndani ya bomba la karatasi ngumu, nimempakata njia nzima. Kila basi lilipotikisika niliinua bomba juu, abiria mwenzangu akaniuliza kama nimebeba mayai. Nikamwambia ndiyo, mayai. Sikuwa na hamu ya kueleza.

Mama alikuwa uani. "Ugonile, mama," nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za mjukuu. Nikamwambia anawe mikono kwanza. Akanawa, akajifuta kwenye kanga, akaketi mlangoni penye mwanga, pale pale anapopenda kukaa. Nikamfungulia karatasi mapajani. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake kama mtoto anayesubiri kusifiwa.

Aliitazama muda mrefu. Aliipapasa usoni kwa kidole. Kisha akaniangalia mimi.

"Mbona bado anaumwa?"

"Mama, hapa hajaugua. Picha hii ilipigwa yuko mzima."

"Anaumwa, baba. Angalia macho yake. Angalia mkono ulioshika birika. Nani huyo aliyemtoa mgonjwa kitandani akampa birika amimine maji?"

Nilipandwa na hasira, na sikujua niielekeze wapi. Nilimweleza, nikarudia, nikaapa. Majirani wakasikia, wakaja wamama wawili wa kanisani waliomjua dada tangu anatambaa. Walipoiona tu wakapiga makofi. "Yoo! Si yeye huyu! Na lile cheko lake!" Mama akakunja mikono akawatazama kama watu wanaomdanganya mgonjwa ili anywe dawa.

Nilirudi Iringa nikiwa nimenyong'onyea. Tukaliweka baraza pale kwenye meza ya rangi. Fundi mkuu akasema labda moshi wa nyumba ya mama, labda vumbi la njiani limeingia kwenye wino, labda manjano ni mengi kweli na sisi tumeyazoea. Hilo la mwisho ndilo nililolishika. Nikapunguza manjano. Mke wangu alipoona akasema, "Sasa unamharibu. Unamrudisha kwenye tofali." Nikamwambia anyamaze, hajui kitu. Alinyamaza, lakini kwa namna ile ya wanawake, ambayo ni kusema kwa njia nyingine.

Pasaka ilipokaribia nikaenda na karatasi ya pili. Mama akaitazama mlangoni. "Bado," akasema. Kisha akaenda kutafuta kuni.

Kesho yake tulikwenda kanisani. Lazima mjue kwamba mama ndiye aliyekuwa akifua vitambaa vya meza ya Bwana, kazi aliyopewa tangu ujana wake, na alijivunia weupe wa vitambaa vile kuliko alivyojivunia watoto wake. Niliingia, nikaketi upande wa wanaume, nikainua macho. Kitambaa cha meza kilikuwa cha buluu. Si buluu ya kudhani, buluu kabisa, kama sare za shule. Wasichana wa kwaya walikuwa wanabinyana na kucheka chini chini. Tulipotoka mzee mmoja wa kanisa akanivuta pembeni, mpole, anaona aibu kwa niaba yangu. "Ongea na mama," akasema. "Apunguze bluu ya kufulia, ile ya kuondoa manjano kwenye nguo nyeupe. Sisi tunashindwa kumwambia."

Tulipofika nyumbani nikamwuliza. Akachukia. "Nipunguze bluu? Nguo hazitakati! Nikikitoa kitambaa majini ni cha manjano, nikitia bluu kidogo bado cha manjano, ndipo naongeza. Sabuni za siku hizi ni udongo mtupu."

Neno lile, bado cha manjano, nikalirudia moyoni. Kwenye mfuko wangu nilikuwa na karatasi nyeupe za kiwandani, mpya, hazijagusa wino. Nikaitoa moja nikamwekea mbele yake juani.

"Mama, hii ni rangi gani?"

"Nyeupe."

"Nyeupe kabisa?"

Akaisogeza, akaiinamia. "Ya kuchakaa. Imeingia manjano. Mnaziweka wapi hizo karatasi zenu?"

Jumatatu nilimpeleka zahanati. Muuguzi akamfunua kope, akamgeuza huku na huku, akaniambia mimi kwa sauti ya chini kwamba ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Akaeleza kwamba kioo cha ndani ya jicho kinapata ukungu kama chemni ya taa iliyofuka moshi, na kila anachokiona mtu kinapitia humo. Nikamwuliza dawa. Akasema dawa hakuna, kuna kisu, na daktari wa kisu hicho yuko mbali, akija anakuja bila kutangazwa. Mama alikuwa amesikia kila kitu. "Hakuna mtu atakayeniingizia kisu jichoni," akasema, akajifunga kanga yake. Nilimbembeleza njia nzima ya kurudi. Ukimjua mama yangu utajua kwamba nilikuwa naupigia kelele mlima.

Basi nikajiwazia hivi. Kama jicho la mama lenyewe linatia manjano, mimi niyatoe kwenye karatasi. Atayaweka yeye. Alivyofanya kwenye kitambaa cha kanisani kwa bluu, nami nifanye hivyo kwa wino, ila mimi nipime. Siwezi kuingia ndani ya jicho lake nikaona anachokiona, lakini naweza kumchapia kila kiasi, kuanzia manjano kamili mpaka hakuna, naye achague mwenyewe. Nilirudi Iringa karibu niimbe ndani ya basi.

Kiwandani nikakuta Ulaya wameandika wanataka mabamba yao. Bwana akanionea huruma, akasema sanduku litasubiri nimalize. Fundi mkuu aliacha kazi zake tukashika pamoja. Karatasi ya kwanza manjano kamili. Inayofuata tukayapunguza nguvu kwa yale mafuta yasiyo na rangi, inayofuata tena, na tena, mpaka kufikia karatasi ambazo bamba la manjano hazikuliona kabisa. Tukaweka nyekundu, tukaweka buluu, tukaweka nyeusi. Tukaanika. Zilipokauka tukazipanga mezani kwa mfululizo wake. Mwanzo wa safu alikuwa dada yangu. Mwisho wa safu alikuwa mwanamke wa zambarau, midomo myeusi, anamimina maji.

Fundi mkuu alikuna kidevu. "Mimi huyo wa mwisho ningemkimbia," akasema. "Lakini macho si yangu. Peleka."

Sanduku likapigiliwa misumari, likaondoka. Nami nikaondoka.

Nilifika Mbeya, nikalala, nikasubiri jua lipande vizuri. Kisha nikatandika mkeka uani na kupanga karatasi zote kwa mfululizo, nikaweka mawe kwenye pembe ili upepo usizichukue. Majirani waliokuja kuchungulia nikawafukuza. Walidhani nimechanganyikiwa, na sikuwa mbali. Nikamleta mama kwa mkono.

"Mama, mmoja kati ya hawa ni yeye mzima. Taratibu. Usikimbilie."

Akapiga magoti mwanzo wa mkeka. Akatazama ya kwanza. "Anaumwa." Akasogea. "Anaumwa." Akasogea tena, kanga ikiburuta kwenye vumbi. "Huyu naye anaumwa." Nilikuwa natembea kwa magoti sambamba naye. "Huyu anaumwa, ila kapata nafuu kidogo."

"Ehe, mama. Endelea."

"Huyu ana nafuu." Akainama zaidi, uso wake ukakaribia kuigusa karatasi. Kitu fulani kwenye mdomo wake kikalegea, na mimi nikaona, nikaona kwa macho yangu, kwamba alikuwa karibu kabisa. "Huyu nafuu yake ni kubwa."

Akasogea kwenye inayofuata, akarudisha mkono haraka kama ameshika chungu cha moto.

"Huyu ameshakufa."

"Hapana, mama. Tazama vizuri."

"Nilimwosha mimi, baba. Najua alivyokuwa."

Nikamrudisha nyuma kwenye ile iliyotangulia. Anaumwa. Nikampeleka mbele. Amekufa. Nikazichukua zile mbili nikazipeleka kivulini, nikazitia jua, nikazikinga kwa koti langu, nikazipeleka mlangoni pake anapopenda kukaa. Anaumwa. Amekufa. Nilizibadilisha mahali bila kumwambia, nikidhani labda anakisia. Hakukisia. Kila mara aliniambia ile ile, bila kukosea, na kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni asiyejua njia. Mimi nilitazama zile karatasi mbili na tofauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba kwenye dirisha la kusini ningeweza kuzichanganya. Mke wangu angeweza kuzichanganya. Kwa mama, maisha yote ya dada yangu yalikuwa yameanguka humo katikati.

"Na ya katikati iko wapi?" mama akaniuliza.

"Ya katikati ipi, mama?"

"Ya kabla hajaugua. Hapa kuna mgonjwa na kuna maiti. Mwanangu mzima yuko wapi?"

Mabamba yalikuwa njiani, wino ulikuwa Iringa, jicho lilikuwa la kwake. Nililia pale mkekani, mwanaume mwenye mke na mtoto, majirani wananiona juu ya ua. Mama akaniwekea mkono kichwani. Mkono wake ulikuwa umeingia buluu kwenye kucha.

"Nyamaza, baba. Nyamaza. Mimi niliyemzaa nimeshindwa, sembuse wino."

Kisha akaanza kuondoa mawe. Aliziokota karatasi, akazipukuta vumbi, za mgonjwa na za maiti pamoja, akaziweka sawa pembe kwa pembe kuliko nilivyozoea kuona kiwandani. Nikanyoosha mkono kumpokea, nikitaka niende nazo, nizichome huko mbali asizione tena. Akanikwepa, akaelekea mlangoni.

"Unazipeleka wapi, mama?"

"Ndani," akasema. "Kwani nimtupe?"